Perege kwa Ufito na Boya: Pa Kuanzia

Anayeanza kuvua perege kwenye bwawa au lambo huponzwa zaidi na vifaa vizito. Perege ana mdomo mdogo na hali kwa pupa: hukinyonya chambo, akihisi uzito hukitema. Ndoana ya sangara haimfai. Chukua namba 12 (namba ikipanda, ndoana inapungua), uzi wa milimita 0.18, na kipande cha mwisho chenye ndoana, sentimita 30 hivi, kiwe cha 0.14. Ukinasa kwenye kisiki kitakatika hicho, boya litabaki.

Rili (kifaa cha kukunjia uzi) si lazima. Mwanzi mkavu wa mita 4 na uzi mfupi kidogo kuliko mwanzi wenyewe vinatosha. Kwa boya, mwiba wa nungunungu hauna mpinzani. Kipande cha ndala, ambacho watu wanakipenda sana, kinaelea mno na samaki anakisikia.

Kabla ya kutia chambo, pima kina. Ning'iniza chubwi nzito (kipande cha risasi cha kuzamishia uzi) kwenye ndoana na uishushe pale pale utakapovulia. Boya likizama, lipandishe kwenye uzi, likilala, lishushe. Likisimama na ncha ikichungulia, umepata. Toa chubwi, shusha boya sentimita 5 zaidi ili chambo kisizame kwenye tope.

Sasa bana vichubwi vidogo kimoja kimoja mpaka ibaki nusu sentimita ya ncha juu ya maji. Vingi vikae katikati ya uzi, kile kidogo kabisa kikae sentimita 15 kutoka kwenye ndoana. Hicho ndicho kinachotoa siri: perege akiinua chambo anakibeba nacho, na boya linapanda badala ya kuzama. Wengi husubiri lizame, na samaki keshatema. Likipanda au likitambaa kando, kaza kwa kiwiko na kifundo cha mkono tu. Ukivuta kwa bega zima unamchana mdomo.

Chambo ni kipande cha nyungunyungu cha sentimita 2, si mzima, au ugali mgumu uliokandwa na unga kidogo wa ngano ili ushike, tonge la ukubwa wa punje ya hindi. Pumba za mahindi zilizoloweshwa na kufinyangwa huwavuta samaki; tupa donge moja dogo kila baada ya dakika 10. Ukimwaga ndoo nzima watashiba pumba zako.

Vulia ukiwa nchi kavu, maana kichocho huingia kupitia ngozi, na ulizia kibali mapema. Kwenye ziwa kubwa anzia kwa BMU, yaani kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi kwenye mwalo. Ukimshika perege, telezesha kiganja kilicholowa kutoka kichwani kwenda mkiani ili miiba ya mgongoni ilale. Jike mwenye vifaranga mdomoni mrudishe majini hapo hapo.

Chambo kikiliwa mara kwa mara bila boya kutikisika, usihame. Shuka hadi ndoana namba 14 na ukisogeze kile kichubwi cha mwisho kibaki sentimita 8 kutoka kwenye ndoana.