Tuanze na mkono unaopima

Swali lenu la wiki hii linauliza: vijana wanalewa kwa gundi, petroli na dawa za kikohozi, vitu ambavyo kuuza si kosa, tuwazuieje? Mimi ni mtoa dawa katika duka la dawa muhimu hapa Chang'ombe, Dodoma, na jibu langu ni kwamba tuanze na mkono unaopima.

Mtoto wa mtaani hanunui kopo la gundi, hela hiyo hana. Anapimiwa kidogo kwenye kichupa cha plastiki, anakificha ndani ya mkono wa sweta na kuvutia humo humo. Kopo limenunuliwa na mtu mzima mwenye kazi yake, na huyo ndiye anayepima. Jirani yangu ni fundi viatu, na watoto humjia wakidai wametumwa na baba kuchukua gundi ya kubandikia soli. Yeye huwajibu, "Lete kiatu." Habishani, hafokei, na gundi haitoki. Natamani halmashauri iweke sharti la namna hiyo kwenye leseni za wauza gundi: kopo zima kwa mtu mzima, basi. Na petroli ya chupa za maji kule vijijini nayo iangaliwe kwa jicho hilo hilo.

Mvuke wa gundi hizi, hasa kemikali iitwayo tolueni, ukishaingia mapafuni hufika kwenye ubongo mara moja. Ulevi wake huisha baada ya muda mfupi, ndiyo maana kichupa hakishuki puani. Anayeendelea kwa muda mrefu huharibika kumbukumbu, kusikia, figo, hata mwendo. Lakini linalonitisha zaidi ni moyo. Mvuke huo huufanya moyo usistahimili mshtuko. Mtoto aliyetoka kuvuta, akikurupushwa na kukimbizwa, mapigo yanaweza kuvurugika akafa papo hapo, hata kama ni mara yake ya kwanza. Wenye kuwatimua watoto stendi kwa fimbo wajue hilo kabla ya kuinua mkono.

Kwenye kaunta yangu hadithi inafanana. Tramadoli, dawa kali ya maumivu, ni ya cheti cha daktari, anayeiulizia kwangu hapati. Kazi iko kwenye dawa za kikohozi. Zile zenye kodini, ini hugeuza sehemu ya kodini hiyo kuwa mofini, dawa kali ya maumivu yenye kulevya, na hata zisizo na kodini nyingine hulevya zikinywewa chupa nzima. Kijana anakuja jioni, hakohoi, anataja jina la dawa badala ya kueleza ugonjwa, na anataka chupa mbili. Namuuliza nani anaumwa, ana umri gani, kikohozi ni kikavu au kina makohozi. Mwenye mgonjwa nyumbani hujibu bila shida. Asiye naye huaga. Wapo wauzaji watakaosema duka la pili litamuuzia tu, kwa hiyo bora apewe. Hiyo hesabu mimi siikubali, kwa sababu duka la pili nalo linasema hivyo hivyo kuhusu langu. Na kikohozi cha mafua ya kawaida mara nyingi hakihitaji chupa yoyote: asali ya Manyoni kwenye maji ya vuguvugu inatosha, ila mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Hata hivyo sitaki maduka yabanwe mpaka mgonjwa wa kijijini akose dawa. Maduka haya yalianza kwa majaribio Ruvuma mwaka 2003 kwa sababu watu walikuwa mbali na famasi, na umbali huo bado upo.

Kuna na kubadili bidhaa yenyewe. Australia, mwaka 2005, kampuni ya BP ilileta petroli iitwayo Opal, iliyopunguzwa kemikali zenye kulevya, na katika jamii za wenyeji wa asili zilizoitumia uvutaji wa petroli ulishuka sana. Gundi zisizo na tolueni zipo pia. Jirani yangu analalamika kuwa zile za maji zinachelewa kukauka, na ana haki, mteja wake anasubiri peku.

Semina za kutisha shuleni sizipendi. Mgeni anasimama mstarini na kutaja kila kinacholevya, na aliyekuwa hajui anaondoka anajua. Mwongozo wa UNODC na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya dawa za kulevya na ya afya, kuhusu kuzuia matumizi ya dawa za kulevya, toleo la 2018, unasema vitisho na taarifa tupu havisaidii. Yanayosaidia ni malezi, stadi za maisha na mtoto kubaki shuleni. Mimi naongeza chakula cha jioni. Usiku wa Julai hapa Dodoma una upepo mkali, na gundi huua njaa na baridi kwa bei ndogo kuliko sahani ya ugali.

Na mkimkuta mtoto amelegea baada ya kuvuta, msimkimbize wala kumfokea. Mtoeni kwenye hewa safi, mlazeni kwa ubavu. Maziwa msimpe, wala maji, maana akitapika yataingia mapafuni. Mpelekeni hospitali, na kichupa mkichukue, daktari akione.