GPS ya mkononi: je, niache ramani ya karatasi?

Ndugu, umeuliza kama GPS ya mkononi, yaani tableti yenye ramani, inatosha unaporusha ndege ili uache ramani ya karatasi. Usiiache, tafadhali. Kifaa hicho kinasaidia sana, lakini jua likipiga kioo cha mbele tableti hupata moto na kuzimika ghafla. iPad imetengenezwa itumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35 za Selsiasi. Yangu naiweka kivulini, mbali na dira ya sumaku, maana ukiisogeza karibu utaona dira ikipotoka palepale. Kimo soma kwenye altimita, yaani kipimo cha kimo cha ndege, si kwenye GPS. Data za ramani za anga zilizomo kwenye kifaa hutolewa upya kila siku 28, kwa hiyo kagua tarehe yake kabla ya kuwasha injini. Mimi bado naandika saa kwa penseli kwenye ramani kila nikivuka mto au reli.