Animesheni inaonyesha alama, Moodle inaonyesha kistari

Ndugu yangu wa Bukavu, umeuliza kwa nini somo lako la animesheni, ulilotengeneza kwa Adobe Animate na kulitoa kama HTML5 Canvas, linampa mwanafunzi alama kwenye skrini huku kitabu cha alama cha Moodle, mfumo wako wa kufundishia mtandaoni, kikibaki na kistari, yaani hakuna alama. Kazi hii naifanya hapa Lubumbashi, zaidi kwa watu wa migodi, na hicho kistari tumeishi nacho nyumba moja.

Moodle haioni animesheni yako. Alama unazohesabu zimo ndani ya ukurasa na zitafia humo, mpaka ukurasa wenyewe uzitaje kwa lugha ambayo mfumo unaielewa. Lugha hiyo ni SCORM. Chukua toleo la 1.2, la mwaka 2001. Ni la kizee, lakini karibu kila mfumo unalisikia; SCORM 2004 Moodle haiifuati kikamilifu, utajitesa bure.

Faili la imsmanifest.xml, lile linaloorodhesha yaliyomo kwenye somo, likae juu kabisa kwenye zipu. Ukizipu folda nzima kwa nje umeharibu: ingia ndani, chagua mafaili yote, ndipo uzipu. Ndani ya faili hilo somo liandikwe "sco", yaani somo linalozungumza na mfumo. Ukiandika "asset", umeuambia mfumo kwamba somo hili halina la kusema.

Kisha ukurasa utafute kitu kinachoitwa API, mlango ambao mfumo unaufungua ili somo lizungumze nao: uanze na dirisha lililoubeba, upande kwa lililolibeba hilo, mpaka juu. Somo likifunguka kwenye dirisha jipya, tafuta pia kwenye window.opener. Ukikipata, LMSInitialize("") ni kubisha hodi, LMSSetValue ni kusema neno, LMSCommit("") ni kutaka liandikwe sasa hivi, na LMSFinish("") ni kuaga. Alama inakwenda kwenye cmi.core.score.raw, kati ya 0 na 100. Ukituma 9 ukimaanisha tisa kwa kumi, mfumo utaelewa tisa kwa mia na mtu wako ameanguka. Hali ya somo, passed (amefaulu) au failed (amefeli), inakwenda kwenye cmi.core.lesson_status; usipoitaja, mfumo unaweza kujiandikia completed (amemaliza) hata kwa aliyefeli.

Sasa nikueleze lililonila siku tatu. Nilitengeneza somo la usalama kwa wafanyakazi wapya wa mgodi: unamvalisha mchimbaji kofia ngumu, miwani, viatu, halafu maswali manane. Kwangu lilifanya kazi vizuri. Kwa mteja, mukubwa wa usalama akanipigia: "Aliyepata sita kwa nane ana alama, aliyepata saba hana. Hii kompyuta yako inachagua watu?" Nilidhani ananitania. Nikaenda, nikakaa nyuma ya kijana mmoja, akapata saba, skrini ikaandika 87,5, akafurahi. Kwenye Moodle, kistari.

Angalia hiyo koma. Maswali manane, kila moja 12.5. Aliyepata sita ana 75 kamili, aliyepata nane ana 100. Aliyepata saba au tano anaangukia kwenye nusu. Mimi, kwa kutaka skrini ipendeze, nilikuwa nimeipitisha namba kwenye toLocaleString, amri ya JavaScript inayoandika namba kwa desturi ya lugha ya kompyuta, halafu nikatuma maandishi yaleyale kwa mfumo. Kompyuta yangu iko kwa Kiingereza, ikaweka nukta. Zao ziko kwa Kifaransa, zikaweka koma, na SCORM inataka nukta. LMSSetValue ilikuwa inarudisha "false" kila mara, ila hakukuwa na mtu wa kuisikia, maana sikuandika hata mstari mmoja wa kukagua jibu.

Tangu siku hiyo, kila nikituma kitu nasoma jibu, na likiwa "false" naita LMSGetLastError() na kuiandika kwenye konsoli ya kivinjari. Ukiona 405, umetuma aina ya data isiyofaa, kama ile koma yangu. Ukiona 301, umesema kabla ya kubisha hodi. Na kumbuka "false" hiyo ni maandishi, si thamani ya kweli au si kweli ya JavaScript. Ukiandika if (jibu) tu, itapita kila mara. Nami nilishapita hapo, usinicheke.

La pili ni kuranti. Mwanzoni nilikuwa natuma alama mara moja tu, mtu anapofunga dirisha. Darasani kwa mteja umeme ukakatika saa nne asubuhi, kompyuta zote zikazima, na hakuna dirisha lililofungwa kistaarabu. Watu wakarudia somo lote na mimi nikarudia usiku. Sasa baada ya kila swali natuma alama, na cmi.suspend_data yenye namba ya swali na majibu aliyokwisha kutoa, kisha LMSCommit. Usizidishe herufi 4096 hapo. Na cmi.core.exit naiweka "suspend" tangu mwanzo, si mwishoni, kwa sababu umeme hautakupa nafasi ya kuiweka. Bila hiyo mfumo hauna sababu ya kumrudisha mtu alipoachia. Akimaliza kweli, naibadilisha iwe tupu.

Kuna watakaokuambia uhamie xAPI, lugha nyingine ya kutuma rekodi za masomo, iliyotoka rasmi mwaka 2013. Ni nzuri kwa masomo ya simu na yanayofanyika nje ya mfumo, ila inahitaji hifadhi yake ya rekodi. Kwa darasa moja na Moodle moja sioni haja.

Kabla ya kuigusa Moodle yako, pakia zipu kwenye SCORM Cloud, huduma ya mtandaoni ya kujaribia masomo ya SCORM, usome kumbukumbu zake. Utaona kila neno ukurasa wako ulilosema na jibu lililorudi. Ukikwama, nitumie msimbo wa fremu ya mwisho na ile namba ya kosa. Nitauangalia jioni, kuranti ikirudi.