Kontena la stoo kando ya ziwa: upepo wa Kigoma utaliangusha?

SWALI: Mhandisi, salaam. Nafanya biashara ya dagaa na mawese hapa Kibirizi, Kigoma. Nataka kuweka kontena la stoo kwenye kiwanja changu karibu na ziwa. Muuzaji ananishawishi nichukue la futi 40, eti bei haijapishana sana na la futi 20. Upepo wa huku unaujua, juzi umeng'oa bati za jirani. Kontena tupu linaweza kupinduka? Na nilikalishe vipi?

JIBU: Kupinduka linaweza, lakini kabla ya hapo litateleza, na hilo ndilo watu hawalifikirii. Kontena tupu la futi 20 lina tani 2.2 hivi. Upepo wa kilomita 100 kwa saa ukilipiga ubavuni, unalisukuma kwa nguvu ya karibu tani moja. Kulipindua kunataka kama tani mbili. Kulitelezesha juu ya matofali kunataka tani moja au pungufu. Pembe moja ikishachomoka, fremu inapinda na milango haifungi tena. Tena upepo ukiongezeka kasi maradufu, msukumo unakuwa mara nne. Wala usitegemee uzito wa mzigo, maana siku ya dhoruba huenda ulishauza gunia la mwisho.

La futi 40 lina ubavu mara mbili, ila uzito wake tupu ni tani 3.7 au 3.8 tu. Kwa hiyo upepo unalimudu kirahisi zaidi, hasa lile refu la futi 9 na nusu. Mimi ningechukua la futi 20, na biashara ikikua nikaongeza la pili.

Kabla ya kumwaga zege, pima umbali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Na Tanganyika lenyewe umeliona lilivyopanda miaka hii.

Kontena hubebwa na pembe zake nne. Chimba mashimo manne hadi ufike udongo mgumu, si mchanga, umwage nguzo za zege zenye upana wa sentimita 60 hivi, zitokeze juu ya ardhi sentimita 30, zote usawa mmoja kwa pima maji. Juu ya kila nguzo zamisha bamba la chuma la milimita 12 lililochomelewa nondo zilizopinda chini yake. Kontena likishakaa, fundi achomelee kila pembe kwenye bamba lake. Ukilihamisha siku moja, utakata kwa grenda.

Elekeza mlango mbali na upepo mkali. Kiangazi unatoka kusini-mashariki, lakini mchana ziwa nalo huvuta upepo wake kuja nchi kavu, kwa hiyo kaa kiwanjani mchana mzima uangalie kabla hujaamua. Ukifungua, funga kila upande wa mlango kwenye ndoano yake ya ubavuni. Mlango wa chuma ukirudishwa na upepo unavunja mkono.

Paa la bati juu ya kontena, au kivuli cha kuunganisha makontena mawili, ndilo linalonitia wasiwasi kuliko kontena lenyewe. Upepo unaingia chini na kulinyanyua kama tanga. Kama huna mtu wa kukupigia hesabu ya maungio, liache.

Wakati wa kununua, ingia ndani mchana, ufungiwe mlango, utazame juu: kila nukta ya mwanga ni tundu. Kagua mpira wa mlango na kutu ya chini ya sakafu. Linganisha namba iliyoandikwa ubavuni (herufi nne, tarakimu saba) na ya kwenye karatasi. Dai uthibitisho kwamba ushuru wa forodha umelipwa, maana kontena huingia nchini kama chombo cha kubebea mizigo, si bidhaa ya kuuzwa. Risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) usiisahau.

Sakafu yake ni plaiwudi ambayo mara nyingi imetiwa dawa ya wadudu, hivyo dagaa wasiiguse: gunia zikae juu ya chaga, mbali kidogo na ukuta, kwa sababu usiku chuma hutoa jasho.