Someni ukurasa wa jina mpaka nukta ya mwisho

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya vitabu adimu, wiki hii nimekuta tena rekodi ya katalogi ya *Mercurius in sole visus*, kile cha Danzig (Gdańsk ya leo, Poland) cha 1662, ina jina la mwanaastronomia Hevelius peke yake. Kosa lile lile la kila mwaka! Nawapenda, lakini kwa hili sinyamazi.

1. Kitabu hicho kina watu wawili. Hevelius anaeleza mpito wa Utaridi wa 1661, yaani sayari hiyo kupita mbele ya uso wa Jua, kisha anaambatisha *Venus in sole visa* ya Jeremiah Horrocks, kijana wa Kiingereza aliyefariki Januari 1641 bila kuchapisha chochote. Mwanaastronomia Kepler alitabiri mpito wa Zuhura wa 1631. Wa 1639 aliugundua Horrocks, kama mwezi mmoja tu kabla ya kutokea. Siku ilipofika alitumia darubini kuangusha taswira ya Jua juu ya karatasi. Saa tisa na robo alasiri mawingu yakaachana, na Zuhura alikuwa ameshaingia. Nusu saa baadaye Jua likatua. Mwingine tunayejua aliuona ni rafiki yake Crabtree, karibu na Manchester. Hao wawili tu, na sisi tunamfuta mmoja wao kwa uvivu wa kutofungua kurasa! Nimemwona mwanafunzi aliyesafiri usiku kucha akiandika "Horrocks", kompyuta ikamjibu hakuna, akafunga daftari lake akaenda zake. Kitabu kilikuwa stoo, chini ya miguu yake. Hilo linaniuma mpaka leo. Wekeni kiingizo cha pili kwa jina lake, na cha Horroxius pia, maana ndivyo Kilatini kinavyomwita.

2. Tarehe nakilini zilivyo. Ukurasa wa jina una 3 Mei, ya Utaridi, yenye "st. n.", kalenda mpya, na 24 Novemba, ya Zuhura, yenye "st. v.", ya zamani, ambayo kwetu ni 4 Desemba. Ubadilishaji uende kwenye dokezo la rekodi.

3. Mahali vilevile: ukurasa unasema Liverpool, ingawa Horrocks aliuona mpito akiwa Hoole, kijiji cha Lancashire, Uingereza. Dokezo tena.

4. Penseli tu mezani.

Rekodi ya wiki hii nimeirudisha kwa aliyeiandika, pamoja na kitabu chenyewe. Kesho asubuhi tutakisoma pamoja, kuanzia jalada.