Kuvuta gari la manyuo lililozima

Ndugu, umeuliza kama gari lako la manyuo (la gia za kubadilisha kwa mkono) lisilowaka linaweza kuvutwa kwa kamba hadi gereji. Linaweza, mradi breki na usukani ni vizima.

Breki ndizo zinazoshtua wengi. Injini ikizima, kisaidizi cha breki hukosa nguvu. Ukishakanyaga mara mbili tatu pedeli inakuwa ngumu kama jiwe. Breki bado zipo, ila kanyaga mapema na kwa nguvu zaidi. Usukani nao utakuwa mzito.

Geuza ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, la sivyo usukani unaweza kujifunga kwenye kona. Weka gia nyutro, shusha handibreki, washa hazadi (taa za tahadhari). Kamba ifungwe kwenye ndoano ya kuvutia, kamwe si kwenye bampa.

Anayevuta aondoke polepole kwa gia ya kwanza. Wewe wa nyuma ndiye mwenye kazi ya kukaza kamba kwa kugusa breki kidogo: ikilegea kisha ikavutika ghafla, hukatika au kung'oa ndoano, na kipande kinachoruka kinaweza kuua. Watu wakae mbali.

Kama kuna mteremko mkali au breki ni mbovu, tafadhali ita bredauni (gari la kubeba magari mabovu).