Kwa Anayeanza Kusoma Historia ya Mgambo wa Kujitolea Ulaya, 1918–1940

Anayeingia katika historia ya vikosi vya ulinzi vya kujitolea vilivyoenea Ulaya baina ya vita viwili vikuu vya dunia kwa kawaida huanza na bunduki, sare na idadi ya wanachama. Nimewaongoza wanafunzi kadhaa katika somo hili, na ushauri wangu wa kwanza kwao huwa ni kuanza kwingine: uliza kikosi kilitii amri ya nani, kisha uulize ni raia gani walibaki nje yake. Bunduki zilifanana kwa kiasi kikubwa kutoka nchi moja hadi nyingine, lakini majibu ya maswali haya mawili yalitofautiana sana, na ndiyo yanayoeleza kwa nini kikosi kimoja kiliilinda katiba ya nchi yake na kingine kikasaidia kuizima.

Anza na Ufini, hata kama moyo wako uko kwingine. Mwezi Januari 1918 nchi hiyo, iliyokuwa imejitangazia uhuru kutoka Urusi wiki chache tu kabla, iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe baina ya Wekundu, waliokuwa na nguvu miongoni mwa wafanyakazi wa viwandani na watu wa mashambani wasio na ardhi, na Weupe waliosimama na serikali. Katika mapigano, mauaji ya kulipizana kisasi na kambi za wafungwa walikufa zaidi ya watu 36,000, katika nchi yenye watu wapatao milioni tatu. Suojeluskunta, kikosi cha walinzi wa kujitolea, kilitoka upande ulioshinda. Mwenye shamba alikiona kuwa ngao ya uhuru, ilhali wafanyakazi wengi, ambao ndugu zao walikuwa wamefia kambini, walikiita kikosi cha wachinjaji. Ukisoma kumbukumbu za upande mmoja tu utapata habari nzuri, yenye mpangilio na ushahidi wa kutosha, ambayo hata hivyo ni nusu ya habari.

Swali la utiifu lilijitokeza mapema. Mwaka 1921 mkuu wa walinzi wa wilaya ya Helsinki aliandika gazetini akiishambulia siasa ya serikali, na mkuu wa kikosi kizima akakataa kumwondoa. Rais Ståhlberg alimfukuza mkuu huyo wa kikosi kizima, akakataa pia pendekezo la kumpa nafasi yake Mannerheim, jenerali aliyewaongoza Weupe vitani, na mwishowe akamteua Lauri Malmberg, aliyekiongoza kikosi hadi mwaka 1944. Wanafunzi wengi huupita mgogoro huu haraka kwa kuwa haukumwaga damu. Mimi nauhesabu kuwa msingi wa yote yaliyofuata, kwa sababu ndipo ilipoamuliwa kwamba watu wenye silaha hawatajichagulia mkuu wao wenyewe.

Uamuzi huo ulijaribiwa mwishoni mwa Februari 1932. Huko Mäntsälä, kusini mwa Ufini, walinzi wenye silaha walivunja mkutano wa chama cha Wasoshalisti wa Kidemokrasia, na viongozi wa vuguvugu la Lapua, la mrengo mkali wa kulia, wakaugeuza mkusanyiko huo kuwa uasi dhidi ya serikali. Machi 2 Rais Svinhufvud, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa ameingia madarakani kwa msaada wa watu hao hao, alihutubia taifa kwa redio akiwataka walinzi warudi majumbani. Malmberg alibaki upande wa rais, walinzi wengi hawakuondoka makwao, na baada ya siku chache uasi ulikwisha. Ninakuomba ukae na siku hizo kwa muda mrefu. Usiridhike na kauli kwamba hotuba ilitosha. Tafuta katika kumbukumbu za vijiji ni akina nani walitoka na bunduki, nani walikaa, na majirani waliambiana nini, maana wanachama wengi waliweka silaha zao nyumbani na uamuzi ulifanyika mlangoni mwa kila mmoja wao.

Baada ya hapo ndipo ufungue madaftari ya kawaida. Usiyadharau. Kikosi kilikuwa na mashindano ya michezo, bendi za muziki, sherehe za kuchangisha fedha na karakana yake ya bunduki, ambayo mwaka 1927 ilihamia Riihimäki. Jumuiya ya wanawake, Lotta Svärd, ilikuwa na wanachama wapatao 100,000 vita vilipokaribia. Walipika, waliuguza, walishona sare, na baadaye walikesha kwenye minara wakitazama ndege za adui. Mwanafunzi anayeiweka jumuiya hii katika tanbihi hajaelewa jinsi nchi maskini inavyoweza kuandaa ulinzi. Mwaka 1934 Ufini ilibadili mfumo wa kuita askari wa akiba: nchi iligawanywa katika mikoa 9 ya kijeshi, na kazi ya kuwakusanya watu ikategemea mtandao wa walinzi vijijini. Oktoba 1939, wakati mazungumzo na Moscow yalipokuwa yakiendelea, wito uliwafikia watu mkononi, nyumba kwa nyumba. Vita na Muungano wa Kisovyeti vilipoanza Novemba 30, jeshi lilikuwa tayari mahali pake. Mlango uliokuwa umefungwa tangu 1918 ulifunguliwa Februari 1940, katikati ya vita, pale Wasoshalisti wa Kidemokrasia na uongozi wa walinzi walipokubaliana kwamba wanachama wa chama hicho wajiunge na kikosi. Kwa maoni yangu hatua hiyo ilichelewa mno, lakini ilikuwa ya kweli.

Kutoka hapo vuka ghuba uende Estonia. Kaitseliit, kikosi cha walinzi wa kujitolea cha huko, kilianzishwa Novemba 1918, kikafifia baada ya vita vya uhuru, na kilichokifufua ni asubuhi ya Desemba 1, 1924, wakomunisti wapatao 300 waliposhambulia majengo muhimu ya Tallinn. Waasi walishindwa kwa saa chache, lakini serikali ilikuwa imeona jinsi jeshi la kambini linavyoweza kushtukizwa. Kuanzia 1925 Johannes Orasmaa alikijenga upya kikosi hicho, na kuanzia 1927 kikawa na jumuiya yake ya wanawake.

Latvia itakufundisha jambo zito zaidi. Aizsargi, walinzi wa kujitolea wa nchi hiyo, waliundwa Machi 1919 na serikali ya Kārlis Ulmanis, wakawa kwa muda mrefu chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Usiku wa Mei 15, 1934, Ulmanis alipoliweka kando bunge na kuvifunga vyama vyote, Aizsargi walikuwa bega kwa bega na jeshi katika kumsaidia. Weka Mei 1934 ya Riga, mji mkuu wa Latvia, kando ya Machi 1932 ya Ufini, uulize amri ilitoka wapi.

Lithuania inaonyesha matumizi mengine. Januari 1923 wanachama wa Umoja wa Wapiga Shabaha, ulioanzishwa mwaka 1919 na Vladas Putvinskis, waliingia mji wa bandari wa Klaipėda wakiwa wamevaa kiraia pamoja na askari, wakaunyakua mji uliokuwa chini ya usimamizi wa Wafaransa, huku serikali ya Lithuania, iliyokuwa na makao yake Kaunas, ikidai kwamba ni wenyeji walioasi. Kikosi cha kujitolea kinaipa serikali nafasi ya kukana, na ukisoma barua za kidiplomasia za miaka hiyo ni lazima ulikumbuke jambo hili.

Usivichanganye vikosi hivi na majeshi ya vyama, kama Heimwehr ya mrengo wa kulia na Schutzbund ya wasoshalisti, vya Austria, vilivyopigana Februari 1934. Vile vya kwanza viliundwa au kuwekwa chini ya sheria au amri ya dola. Haya ya pili yalikuwa mali ya itikadi. Mpaka baina yao hauko wazi kila mahali, na kazi yako ni kuutafuta katika nyaraka badala ya kuudhani.

Kuhusu nyaraka zenyewe, jiandae mapema. Vikosi vya nchi tatu za Baltiki vilivunjwa katika kiangazi cha 1940 baada ya majeshi ya Kisovyeti kuingia, na Suojeluskunta pamoja na Lotta Svärd vilivunjwa Novemba 1944 kwa masharti ya kusitisha vita. Orasmaa alikamatwa mwaka 1940, akafa kifungoni mwaka 1943, na wanachama wengi walikuwa miongoni mwa waliohamishwa kwa nguvu Juni 1941. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo utakayosoma ni ya aina mbili: mahojiano ya polisi wa Kisovyeti, ambamo mtu alisema alichotakiwa kusema, na kumbukumbu za walioishi uhamishoni, walioandika kwa uchungu wa kupoteza nchi. Soma zote, lakini kabla ya kuziamini tafuta karatasi iliyoandikwa kabla ya 1940 na mtu asiyejua yatakayotokea, kama vile muhtasari wa mkutano wa tawi, risiti ya risasi za mazoezi, au barua ya mkuu wa kijiji akilalamika kwamba vijana hawahudhurii gwaride.